Alama Sita za Cho-won

Duka la Vitoweo,
Soko la Kati,
Gunsan.
Jumapili, 12 Mei 2019.

Mpendwa mdogo wangu Yeong-rim,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu. Hamjambo huko Atlanta? Mgongo wa shemeji umepata nafuu, au bado anajifanya kijana na kubeba mizigo? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto. Sala ya alfajiri sasa naisali nimekaa, na naamini Mungu ananielewa. Vidonge ulivyonitumia vimefika. Ni vikubwa mno, navimeza nimefumba macho.

Mwanao Cho-won ni mzima hapa kwangu. Anakula vizuri na sare ya shule inaanza kumbana mabegani. Natanguliza hilo usije ukashtuka, maana yanayofuata yatakukasirisha, na haki ya kukasirika unayo.

Huenda atakuwa amekwisha kukupigia simu kabla barua hii haijafika. Nimemwomba sehemu yangu aniachie niieleze mwenyewe kwa maandishi. Kwenye simu ningelia, na wewe ungenisamehe upesi mno.

Ni habari ya mtihani wa Kiingereza wa nusu muhula. Swali moja lilisema mgeni amefika mlangoni, mkaribishe. Cho-won akaandika vile mnavyokaribishana huko kwenu. Mwalimu Pyo akampa sifuri, kwa kuwa jibu alilolitaka yeye liko ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu, neno kwa neno. Alama sita zikaenda. Mwanao akasimama katikati ya darasa akasema, "Mwalimu, lakini hakuna mtu anayesema hivyo." Wenzake wakacheka. Unajua hapa kwetu ilivyo mtoto kumwambia mwalimu neno la namna hiyo mbele ya watu. Nasikia masikio ya mwalimu yaliwaka mekundu, akamjibu, "Basi nenda ukafanye mtihani wa hao wanaosema."

Tangu siku hiyo wenzake wanamngoja mlangoni pa darasa. "Bi Marekani, tukaribishe basi! Tumefika wageni!"

Sasa utaratibu wao ni huu. Kila mtoto anatia sahihi karatasi ya alama zake, na mlezi anagonga muhuri wake, mwisho Ijumaa. Asiyetia sahihi, walimu wote wa Kiingereza wanakaa kikao juu ya jibu lake. Daraja la kwanza lina nafasi nane tu. Cho-won alikuwa wa tisa. Akirudishiwa alama zake sita, anapanda, na wa nane anashuka. Na wa nane ni Ra-hui, binti wa jirani yangu auzaye keki za mchele, tuliopakana kibanda kwa kibanda kwa miaka kumi na moja.

Jumanne Mama Ra-hui akaja, akaketi juu ya ndoo yangu ya kabichi za chumvi.

"Shemasi, mtoto wako Kiingereza alikinywa na maziwa. Wangu amekitafuna kitabuni tangu ana miaka saba. Sasa wa maziwa amshushe wa kutafuna?"

"Mimi niseme nini, Mama Ra-hui? Hata herufi zao zinanipiga chenga."

"Usiseme kitu. Mwambie atie sahihi, basi. Wako hata akiwa wa mwisho, si ana kwao Marekani? Wangu kwao ni hapa hapa kwenye mvuke wa mchele."

Mdogo wangu, alinipata. Nilimwona Ra-hui akikariri huku anafunga keki za wateja, midomo inacheza, mikono haisimami. Nikasema moyoni, alama sita ni nini.

Jumatano jioni nikaiweka karatasi mezani. Cho-won akaisukuma. "Mama Mkubwa, mimi sitii. Jibu langu halina kosa."

Hapo ndipo nilipotenda dhambi. Nilimwambia wewe umeniagiza. Nilimwambia nimezungumza nawe asubuhi na umesema atie sahihi, yaishe.

"Mama kasema hivyo?"

"Kasema."

Alinitazama, kisha akatia sahihi. Nikagonga muhuri juu yake, wino ukatoka vizuri kabisa. Akaosha vyombo bila kuimba.

Alhamisi alfajiri kanisani, mchungaji akatuambia tuwataje watoto wetu kwa majina mbele za Mungu. Wenzangu wote wakapaza sauti. Mimi nilifungua kinywa, jina lake likakataa kutoka. Sikungoja baraka. Nilimkuta anafunga kamba za viatu, nikamwambia yote nikiwa bado na koti mwilini.

Hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo Mama hajui lolote?"

"Hajui."

"Basi twende shule."

Nilimwinamia Mwalimu Pyo mpaka kiuno kikalia. Nikamtolea karatasi, nikamwambia muhuri ule niliupata kwa uongo, asiihesabu. Mimi hakunitazama, alimtazama mtoto.

"Wanafunzi mia mbili na kumi nimewafundisha ukurasa ule ule mmoja," akasema. "Wengi hata ndege hawajaipanda. Mimi mwenyewe sijaipanda. Nikikubali maneno ya kwenu, hawa wengine niwaambie wakajifunzie wapi?"

Cho-won alikuwa ameinamisha kichwa. "Mwalimu, nisamehe kwa kusema vile mbele ya darasa. Lakini mtu wa kule ukimkaribisha kwa maneno ya kitabu, atadhani amefika ofisini, atatafuta foleni. Sisemi kitabu kimekosea. Nasema na mimi sikukosea."

Kengele ikalia. Mwalimu akaichana karatasi, akasema jibu la mtoto atalipeleka kikaoni mwenyewe. Nilimheshimu kwa hilo, na ningependa na wewe umheshimu.

Ijumaa walikaa. Wamempa zote sita. Ra-hui ameshuka.

Mama Ra-hui ametundika turubai kati ya vibanda vyetu. Nilimpelekea figili za kupika anazozipenda, bakuli likarudi lilivyokwenda. Wateja anawaambia kwa sauti, nisikie, "Jirani siku hizi anauza vitoweo na Kiingereza, ulizeni bei." Nasikia, naendelea kukata vitunguu. Ana haki yake.

Lakini linaloniumiza liko ndani ya nyumba. Tangu Alhamisi Cho-won anazungumza nami kwa lugha ya heshima, ile tunayowapa wageni. Zamani alikuwa akiingia anatupa mkoba: "Mama Mkubwa, nakufa njaa, kuna nini?" Sasa anavua viatu, anavipanga, anainama, na ananiita kwa cheo changu cha kanisani kama watu wa sokoni. "Shemasi, nimerudi. Poleni kwa kunisubiri." Nikimpa wali anaupokea kwa mikono miwili. Hakuna neno hata moja la kumkosoa. Mwalimu yeyote angempa alama zote. Natamani anifokee.

Nisamehe, mdogo wangu, kwa kulitia jina lako mdomoni mwangu bila idhini yako. Kama utaona heri aje kwako, niambie, nitamfungia mizigo mimi mwenyewe.

Msalimie sana shemeji, na Gi-ung mdogo, na yule Bi Noh wa kanisani kwenu aliyenitumia pilipili. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, na akuongezee subira juu ya ndugu uliopewa.

Ila nakuomba jambo moja. Ukizungumza na Cho-won, usimwagize anisamehe. Atakutii, na atanisamehe kwa adabu ile ile.

Dada yako akupendaye,
Pil-sun