Pikipiki ya Mama Mkwe

Jumamosi, Tuwan. Mvua imeshinda ikinyesha hapa Kitale, nami nimeketi na shukrani ambayo bado ina uzito moyoni.

Asubuhi alinijia Simiyu, mwana wa marehemu ndugu yangu, uso umemshuka. Jana alibadilisha plagi ya pikipiki. Badala ya kuianza kwa vidole, aliisukuma kwa spana ikiwa imekaa upande, akakaza kwa nguvu zote. Meno ya tundu yakasagika. Plagi haishiki tena; injini ikiwaka, inaruka.

Pikipiki si yake. Ni ya mama mkwe wake, mjane anayeishi Bumula, aliyemwazima ili apate riziki ya bodaboda. Kwetu mkwe hamkabili mama mkwe wake. Hata njiani humpisha, sembuse kumpelekea habari ya namna hii! Ndiyo maana aliniomba nimpigie mimi.

Nilimwambia tumwone fundi kwanza.

Fundi Wekesa, mtu wa Bungoma, alipaka grisi kwenye chuma chake cha kuchongea ili chenga zinate humo, zisidondoke ndani ya injini. Akachonga meno mapya, mapana kuliko yale ya kwanza, akapachika bushi, kijipete cha chuma chenye meno ndani, kisha akaizungusha plagi kwa vidole, bila haraka. Mwishowe akaimwagia maji ya sabuni.

"Piga kiki," alimwambia Simiyu. "Lakini ikiria, Mzee, tumekwisha. Hiyo kichwa ya injini ni ya kutupa."

Alimaanisha ikilia: upepo ukipenya, povu hutoka na mlio husikika.

Injini iliwaka. Haikulia.

Aliyelia ni Simiyu. Aligeukia ukutani.

Nilidhani sasa angeniomba ninyamaze. Akasema, "Baba, piga tu. Mwambie yote." Akasimama kando, nami nikaweka simu kwa spika.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Ati huyo mtu wenu alifikiri anafunga ng'ombe? Mwambie akaze pole pole. Na pikipiki akae nayo."

Jina la Simiyu hakulitaja, wala Simiyu hakuitika, maana ndivyo adabu yetu inavyotaka. Lakini aliinamisha kichwa mbele ya simu ile kana kwamba mama mwenyewe anapita.

Nimemshukuru Mungu kwa ajili yao wote wawili.

Kesho nina mahubiri. Nitayaanza kwa vidole.