Kopo la Mkimbiaji

Jumanne, Februari 2006. Golden Valley.

Baridi ya leo, jamani, inauma hadi kwenye meno. Nimetoka shifti saa tisa, nikakaa ndani ya gari nikilia, injini inanguruma na siendi popote.

Nyanya alifariki Jumapili. Ni yule mama Mswidi wa chumba cha mwisho, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nilimwita Nyanya, naye akaitika. Aliposikia natoka Kenya aliamua kwamba najua riadha. Mimi! Mimi ambaye ngazi kumi tu zinanitoa pumzi!

Basi kila nikimwogesha alinisimulia habari za baba yake. Alikimbia mita elfu moja na mia tano huko Uswidi, kabla ya vile Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, na viatu vyake vya misumari alijishonea. Siku moja aliwaacha mabingwa wote nyuma, lakini mwamuzi alisahau kubonyeza saa, kwa hiyo muda wake haukuandikwa popote. Msimu uliofuata mshipa wa kisigino ukakatika, mbio zikaishia hapo. Akaja huku ng'ambo, mji wa Saint Paul, kuondoa theluji kwenye reli.

Ushahidi wa ushindi ule ulikuwa kipande kimoja cha gazeti, ndani ya kopo la biskuti. Wiki jana Nyanya aliniwekea kopo hilo mapajani.

"Chukua. Wewe utamtunza."

Sikuchukua. Kazini haturuhusiwi kupokea zawadi, na kibarua changu nakiogopea. Nikampelekea msimamizi, nikajiona mwaminifu kweli.

Leo mjukuu wake amekuja kutoka Woodbury kuondoa vitu. Ni mtu mzima, mpole, hana ubaya wowote. Kiswidi hasomi. Nilipomuuliza kuhusu kopo alilokabidhiwa na msimamizi, akasema makaratasi yote ametupa. Nikatoka mbio hadi nyuma. Lori la taka lilikuwa limeshapita.

Ningefanya nini? Niambieni.

Jioni hii nimeketi niandike hapa, angalau pawe na mahali baba yake anapotajwa. Nikakwama mstari wa kwanza, penye jina lake. Nyanya alisema "Papa" tu, siku zote, na yeye alitumia jina la mumewe. Mimi nililelewa kwamba mkubwa humuulizi jina la baba yake, kana kwamba wewe ni askari. Sikuuliza.

Nimempigia mjukuu, maana aliniachia namba. Nikamuuliza jina la baba ya Nyanya.

"Pole, sijui. Nadhani lilikuwa kwenye yale makaratasi."