Hilla na Kompyuta Nene

Jumanne, 10 Septemba
Makala yangu dhidi ya matajiri wa kompyuta imetoka leo. Matusi yameshaanza kuingia — safi! Mji wa Kuopio umelala mno.

Jioni nimekwenda na binti yangu Hilla kumtafutia kompyuta. Mwezi wa Mei kompyuta yake ya zamani ilizimika katikati ya mtihani wa vipimo vya dawa, chuo cha uuguzi kikamhesabu ameshindwa. Anarudia tarehe 26. Akishindwa tena, nafasi yake ya mazoezi katika wodi ya watoto anapewa mwingine.

Dukani nikaona moja ya rangi ya fedha, nyembamba kama mkate mkavu wa nafaka ya rai. Nikaipenda papo hapo. Mimi, mwenye makala ile!

Hilla akatoa flashi ya chuo mfukoni. Mtihani wao huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo, na kuunganishwa kwa kebo ya mtandao ya ukumbini. Akamwomba muuzaji aijaribu. Muuzaji akafikiri weee, kisha: hapana. Tundu la kebo je? Hakuna, siku hizi hazina.

“Asante. Kwaheri.” Akatoka!

Nje nikamhutubia juu ya uzuri na haki ya kijana kuwa na kitu kipya.

“Umemaliza, mama? Mvua inanyesha.”

Jumatano, 11 Septemba
Hilla ameshinda kutwa katika maktaba ya chuo, hasomi. Anaangalia watu wanakaa wapi. Anasema wenye kompyuta mbovu hujibanza ukutani, karibu na soketi. Wenye nzuri hukaa popote. Basi anawafuata hao wa katikati na kuwauliza: ya mwaka gani? Imeshaanguka? Nani aliifungua?

Nimesoma makabati mazima ya vitabu juu ya watu na mashine. Hakuna kilichonifundisha kutazama viti.

Alhamisi, 12 Septemba
Nimeinunua ile nyembamba. Iko kabatini, nyuma ya mablanketi. Ataniona mbaya, kisha atashukuru.

Jumamosi, 14 Septemba
Zamu yetu ya sauna ya jengo, chumba cha kuogea mvuke. Tumekaa juu, jasho linatiririka, ndipo Hilla akachota maji kwa kata, akayamwaga kwenye mawe ya moto. Mvuke ukapanda.

“Mama, nimeshanunua.”

Nene! Kuukuu! Ilistaafishwa na ofisi fulani. Inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, betri unabadilisha mwenyewe, tundu la kebo lipo.

Nikafungua mdomo. Akachota kata nyingine.

“Ah-ah. Tuko sauna.”

Na kweli, kwa mila yetu saunani watu hawagombani. Bibi yangu alimfukuza mjomba uchi kwenye theluji kwa kubishania siasa humo. Msichana huyu alikuwa amesubiri zamu yetu makusudi! Nimewafunga midomo maprofesa jukwaani. Mimi nimefungwa mdomo na kata ya maji.

“Na ile ya kabatini,” akasema, “irudishe Jumatatu.”

Nimecheka mpaka nikakosa pumzi. Mjanja!

Jumanne, 17 Septemba
Nimeirudisha jana. Muuzaji hakuuliza kitu. Mungu awabariki watu wa mji huu kwa ukimya wao — sijawahi kuandika sentensi hiyo.

Jumapili, 22 Septemba
Nene imeanguka ngazini. Bum, bum, bum! Hilla akaipangusa, ikawaka. Nimeipigia makofi. Kasoro moja tu: huchelewa kuamka. Kama mimi kabla ya kahawa.

Alhamisi, 26 Septemba
Naandika kwenye benchi la korido ya chuo. Nilisema nitamleta tu na kuondoka. Sijaondoka.

Mlango wa ukumbi una kioo. Wanafunzi wamechomeka kebo, wamechomeka flashi. Skrini zinawaka, meza hadi meza. Ya Hilla nyeusi.

Jirani yake anaandika tayari. Ya Hilla nyeusi bado. Msimamizi anasogea, anatazama saa yake.

Nimesimama. Nina hotuba nzima kooni — juu ya chuo, juu ya mitihani ya mashine, juu ya msimamizi na saa yake. Mkono uko kwenye kitasa!

Hilla ameinua kichwa. Ameniona. Hana wasiwasi hata chembe, mtoto yule. Anainua mkono taratibu, anauinamisha — anachota kata isiyokuwepo, anamwaga maji kwenye mawe yasiyokuwepo.

Nimekaa. Mdomo nimefunga. Kutoka hapa naisikia feni ya ile nene, inavuma. Inaamka.