Kitabu Chako cha Kitamil

Baba yangu,

Nakutolea salamu ile tunayowatolea wa makaburini, isiyongoja jibu. Huu mwezi wa tatu tangu tukuzike hapa Wawi. Mama bado yumo edani. Cherehani yako tumeifunika kanga. Mtaani siku hizi ni siasa tupu. Mtu hanunui hata kibiriti mpaka ajue muuzaji ni wa chama gani. Wewe ungeguna tu, ukaendelea kushona.

Kilichonifanya niandike ni kile kitabu chako. Mashairi ya kale ya kwenu, aliyokuwa akikusomea bibi yako kule kusini ya Bara Hindi, nawe ukayaandika kwa mkono ulipofika Pemba, usije ukayasahau. Kitamil kwa herufi za Kiarabu, kama sisi tunavyoandika Kiswahili. Siku ya hitima yako mwalimu wa chuo cha Kurani alikikuta rafuni, akakifungua, akadhani ni kasida. Akasoma kwa sauti nzuri kabisa, na wanaume wote wakaitikia, "Amin!" Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na ukurasa ule naujua: msichana wa pwani anawagombeza kaa waliofuta nyayo za mpenzi wake. Nilicheka, Baba, kisha nikalia mpaka wanawake wakanishika.

Ukurasa huo ndio pekee ulionifasiria. Nyingine nazisoma herufi kwa herufi, na sielewi hata neno. Kila Ijumaa baada ya Alasiri ulikuwa ukiniita: "Njoo nikufunze. Haya ni makongwe kuliko misikiti yote unayoijua." Ulinisimulia kuwa zamani yaliandikwa kwenye majani ya mvumo, mti wa jamii ya mnazi, na mengi yaliliwa na wadudu kwa kukosa wa kuyanakili. Nami nikijibu, "Kesho, Baba, nina ukili wangu wa mkeka nasuka." Uongo mtupu. Nilikuwa naona haya kuitwa mtoto wa Mhindi.

Sasa karatasi zinameguka. Mama anasema, "Kistiri, mwanangu. Kizikwe kama msahafu uliochakaa." Anasema kwa wema. Nimewauliza Wahindi wa mjini Chake. Wao ni Wagujarati, Kitamil hawakijui, wakatikisa vichwa. Barua niliyopeleka kwenu imerudi haijafunguliwa. Kisiwa kizima sina wa kuniambia kilichomo. Majuto ni mjukuu, na wangu kaja na kitabu mkononi. Nimeshindwa, Baba.

Nimeanza kukinakili. Nikikosea sitajua, wala hakuna wa kunisahihisha. Jana mwanangu aliniuliza haya ninayoyaandika yanasemaje, nikamwambia anyamaze nisije nikaruka mstari.

Nakuahidi hivi: kila herufi nitaiweka ulivyoiweka wewe, na palipotoboka nitaacha pengo. Sitatia langu. Buriani, Baba. Mungu akulaze pema, nawe unisamehe.

Mwanao,
Zuhura