Macho ya Jenerali

Jumapili, 8 Oktoba

Jenerali wangu amewasili, sanamu ya yule wa kwenye filamu! Miezi kumi na minne ya kusubiri. Nimemchukua dukani Mong Kok, nikampakata njia nzima kwenye treni. Boksi ndani ya boksi ndani ya boksi. Joho jekundu la hariri, ndevu zimepandwa unywele mmoja mmoja, macho yanayogeuzwa kwa kibano. Mikono ya akiba jozi saba! Nimevaa glavu nyeupe. Mke wangu Pui-shan amepita akasema hata siku ya harusi sikumshika yeye kwa uangalifu huo.

Nikataka kumshikisha upanga. Mkono wa kulia wa kushikia upanga hauingii kwenye kifundo. Nimesukuma, nimebembeleza, nimetukana. Mimi ni fundi lifti, miaka kumi na tisa nimening'inia ghorofa za hamsini na bisibisi mdomoni — leo nimeshindwa na kifundo kisichozidi punje ya mchele.

Na macho! Moja linatazama mlangoni, jingine jikoni. Nikilinyoosha hili, lile linakimbia. Makengeza matupu.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mtandaoni wanasema: pasha kifundo moto kwa mashine ya kukaushia nywele, plastiki italainika. Soketi iliyo wazi nyumba hii ni moja tu, chini ya madhabahu ya Mama. Waya ukanasa. Mungu wa Mama akaanguka.

Wa kauri. Marehemu Baba alimleta kutoka kijijini kwao. Alikuwa pale kabla sijazaliwa. Vipande tisa.

Mama akauliza kutoka jikoni: nini hicho? Sahani, Mama. Yenye maua? Isiyo na maua. Akasema afadhali.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Haoni ila ukungu na rangi. Mungu naye alikuwa na joho jekundu, ndevu nyeusi, kimo kilekile... Miungu, nisameheni. Nimempandisha Jenerali madhabahuni. Kwa siku moja tu, mpaka nimuunge yule mwingine!

Jumapili, 15 Oktoba

Siku moja gani. Leo mwezi umeandama, Mama amemwekea Jenerali machungwa matatu na nyama ya nguruwe ya kuchoma. Amemwinamia mara tatu. Jenerali huyu huyu ambaye kwenye filamu anamuuza bwana wake kwa adui, watu hawajamaliza hata bisi zao! Moshi wa udi unaingia kwenye hariri. Wenzangu wa kukusanya sanamu wakijua, watanifukuza kundini.

Nione haya kidogo: kilichoniuma kwanza ni hariri. Mama alifuata baadaye.

Pui-shan kasema nimwambie leo, njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina hatua nne, kutoka sofa hadi madhabahuni. Nimesema kesho.

Jumanne, 17 Oktoba

Gundi. Pua imeshika kwenye sikio. Mungu wa Baba sasa ana sura ya mtu aliyebanwa na mlango wa lifti.

Alhamisi, 19 Oktoba

Hospitali wamepiga simu: upasuaji wa jicho la kulia ni Jumatano. Mama amegoma. Kisu machoni? Hataki! Umri wa miaka sabini na nane, ameshaona ya kutosha. Pui-shan kambembeleza, nami nikambembeleza. Wapi. Akasema atakwenda mungu akimruhusu, basi.

Akavirusha sakafuni vipande vyake viwili vya mti vya kumuulizia mungu, mbele ya Jenerali. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, jibu ni ndiyo. Akarusha mara tatu. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo! Mama akalia. "Haya Mzee, ukisema niende, nakwenda."

Nami nimelia, humu chooni ninamoandikia. Nyumba hii haina pengine pa kujificha. Nampenda Mama, nami ni mjinga, na sasa siwezi tena kusema. Nikisema, haendi. Pui-shan naye hanihimizi tena.

Jumanne, 24 Oktoba

Nimemsikia akimnong'oneza Jenerali: "Ukinipa macho, wewe ndiye nitakayekutazama wa kwanza. Sura yako nimeanza kuisahau." Nikavaa viatu, nikaenda kazini saa nzima kabla ya zamu.

Jumatano, 25 Oktoba

Salama! Salama kabisa! Daktari katumia dakika ishirini. Mimi na upanga: siku ya kumi na nane, bado. Bandeji inatolewa kesho asubuhi.

Alhamisi, 26 Oktoba

Mpango ulikuwa hivi: Pui-shan ampeleke Mama hospitali, mimi nibaki nimrudishe mungu wa kauri mahali pake, na makovu yake. Nimemwinua kwa mikono miwili. Kichwa kikabaki mezani. Nikapaka gundi upya. Nikapuliza kwa ile mashine. Kikaanguka tena, kikaviringika chini ya sofa. Nimepiga magoti, natafuta, nasikia funguo mlangoni.

Mama kaniona. Kaniona kweli! Kanishika mashavu, kasema: mwanangu, lini umezeeka hivi? Halafu, hata viatu hajavua, akanipita moja kwa moja hadi madhabahuni.

Nimekimbilia humu.

Dakika kumi sasa. Sisikii kitu. Udi haujawashwa, harufu yake ningeisikia. Pui-shan kakohoa kidogo — kile kikohozi chake cha kuzuia kicheko, au cha kuzuia kilio, miaka kumi na mbili ya ndoa bado sijui kuvitofautisha.

Kiti kimeburutwa. Mama anapanda kumtazama kwa karibu? Na jicho la jana! Nitoke. Sitoki.

Ananiita. Si "Ah Man" ya kila siku. Jina zima, kama nilipokuwa darasa la pili:

"Yiu Chak-man! Toka huko chooni! Na hicho kibano chako uje nacho, huyu Mzee wako naye haoni sawasawa."

Mzee *wako*.

Kibano ninacho mfukoni. Miguu ndiyo sina.