Kihisi Mkononi, Mtungi Mgongoni

Jumatano, 8 Februari 2023

"Wagonjwa wa moyo wa vijijini hukaa tu. Kihisi hakina sababu ya kudanganya."

Maneno ya Daktari Muthamia, leo saa nne asubuhi, ukumbi wa kanisa, Makutano, mbele ya watu themanini. Arobaini wagonjwa, arobaini wazima. Nimeyaandika neno kwa neno nisije nikaambiwa nimeyatia chumvi.

Hukaa tu! Mimi!

Sote tulivaa kile kisaa cheusi, ndicho kihisi chenyewe, siku saba, mkono wa kushoto. Kinahesabu hatua. Leo tumesomewa matokeo ya utafiti kama watoto wa darasa la nane. Mimi: hatua elfu moja na mia tisa kwa siku. Wa mwisho. Miaka ishirini na tisa nimefundisha historia, na sijawahi kumpa mwanafunzi alama ya aibu namna hiyo. Wa kwanza ni Salesio, mzima, kutoka Muthara: elfu kumi na nne. Akapigiwa makofi. Daktari akamwita mfano wa kuigwa.

Nikasimama. Nikauliza: basi ng'ombe wangu huchotewa maji na nani? Na malaika? Daktari akatabasamu — lile tabasamu la kumtuliza mtoto anayedungwa sindano. Akasema, Mama, hata kwenye fomu umejaza kwamba hufanyi mazoezi.

Kweli nilijaza hapana. Mazoezi si ni ya watu wenye viatu vyake? Kosa hilo ni langu.

Koome, mwanangu, alikuwa ameketi nyuma. Hakupiga makofi. Hakunitetea pia.

Tumevishwa visaa tena, kwa duru ya pili.


Alhamisi, 9 Februari

Nililala kwa Koome, Makutano, ghorofa ya tatu. Kwenye chai akaanza. Tangu Aprili mwaka jana, moyo wangu ulipolegea nikalazwa siku kumi na moja, amekuwa akitaka nihame kijijini kwangu Kanja. Sasa ana ushahidi wa daktari.

"Mami, kama siku hizi unakaa tu, si ukae hapa? Shamba linalala bure."

Amekwisha kupata wa kulikodi. Mzee Mutembei. Watakuja Jumapili ya tarehe 19 na karatasi. Ng'ombe auzwe.

Nimesoma vitabu vya kutosha kujua jambo moja: anayetaka shamba la mtu huanza kwa kusema halina anayelilima. Wakoloni waliandika hivyohivyo. Nikamwambia.

"Mami, mimi si mzungu. Mimi ni Koome."

Mkewe alicheka hadi chai ikamtoka puani. Hata mimi nilitaka kucheka. Nilijizuia — siwezi kumpa adui bao la bure.


Jumamosi, 11 Februari

Nimeona! Nimeona!

Mfereji wetu wa Kanja umekauka tangu Krismasi, kwa hiyo asubuhi nilishuka mtoni. Mtungi wa lita ishirini mgongoni, mukwa kichwani — ule ukanda wa ngozi aliobebea mama yangu na mama yake. Katikati ya mlima nikasimama kupumua. Nikatupa jicho kwenye kisaa.

Kisaa huhesabu mkono unapopunga, na mkono haukuwa unasogea. Ungesogeaje? Ukibeba kwa mukwa, mikono yote miwili inashika ukanda karibu na masikio. Imekaza kama mawe. Miguu inapanda, mkono umelala! Nikacheka peke yangu mlimani kama mwendawazimu.

Nikampigia Salesio wa Muthara. Nikamuuliza hushindaje siku nzima.

"Nafunga miraa, Mwalimu. Nakaa juu ya gunia toka asubuhi. Ni mkono tu — chagua, panga, funga, tupa."

Na zile elfu kumi na nne ulizitembea wapi?

"Hata mimi nilishangaa! Lakini watu wakishakupigia makofi, utafanyaje?"

Mwanamume amevuka nchi akiwa juu ya gunia! Na mimi niliyepanda mlima nimehesabiwa kama kiti!


Jumatatu, 13 Februari

Nimempigia Sista Dhahabo, nesi wa utafiti. Nataka kisaa cha pili, mguuni. Akasema hana ruhusa. Nikamwambia ukweli hauombi ruhusa.

"Ukweli hauombi, Mwalimu. Lakini ukweli hauna bosi. Mimi ninaye."

Huyu msichana wa Isiolo ananifaa. Atakuja keshokutwa.


Jumatano, 15 Februari

Thelathini na nane!

Niandike kwa utaratibu. Kisaa kimoja mkononi, kingine kifundoni mwa mguu. Mtungi umejaa. Dhahabo alipanda kando yangu akihesabu kwa sauti, mkononi ana maharagwe, moja kwa kila hatua mia. Mtoni hadi getini: hatua mia sita na kumi kwa kinywa chake. Mguuni: mia sita na nne. Mkononi: thelathini na nane!

Dhahabo alisoma mara mbili. Akaketi chini kwenye nyasi. "Wallahi, tumewahesabu wanawake wote wanaobeba hivi vibaya."

Halafu akanishika mkono kupima mapigo. Dakika nzima. Akarudia. Uso wake ukabadilika. Alisema moyo unakimbia kuliko unavyoruhusiwa, na nilisimama mara tatu njiani. "Hii pia naiandika, Mwalimu."

Sikupenda. Nikamwambia aandike. Nikidai chombo kiseme kweli, siwezi kukiziba mdomo kikifika kwangu.


Ijumaa, 17 Februari

Ushindi!

Daktari Muthamia amepiga simu mwenyewe. Ameomba radhi — bila kuzungukazunguka, nimpe haki yake. Amekagua: wagonjwa kumi na tisa ni wanawake wanaobeba kwa mukwa kama mimi. Sasa wote themanini watavaa mguuni. Jana Dhahabo alifika Muthara kumhamishia Salesio kisaa. Siku moja mguuni: Salesio elfu mbili na mia mbili. Mimi, jana: elfu saba na mia moja!

Salesio amenitumia ujumbe. Anauliza kama makofi yanarudishwa.

Nilimwambia daktari afute swali la mazoezi kwenye fomu, aulize: umebeba nini leo? Akasema anaandika. Nilisikia kalamu!

Atakuja Jumapili auone mlima kwa macho yake. Nimezunguka boma nikiimba. Ng'ombe alinitazama tu.


Jumapili, 19 Februari

Nimo jikoni. Maziwa yako motoni. Wao wako sebuleni wanabishana, nawasikia. Naandika upesi.

Wamefika wote pamoja: daktari na Dhahabo, Koome na Mzee Mutembei mwenye karatasi. Daktari alisimama akamwambia Koome, mbele ya kila mtu: "Mama yako hakai. Mimi ndiye niliyekosea." Nilitamani arudie. Nilimwomba arudie! Akarudia.

Kisha Koome akaiona karatasi ya mapigo aliyoandika Dhahabo. Akaruka. "Basi anajiua! Mzee, tutie sahihi leo."

Nikikaa, nihame. Nikifanya kazi, nihame. Nimejadiliana na wakaguzi, maaskofu na machifu, sijakutana na hoja yenye mlango mmoja namna hii. Lakini Aprili alilala kwenye benchi la wodi siku zote kumi na moja. Sijasahau.

Nikamgeukia daktari: nikihamia ghorofani nikae, moyo utapona? Akasema kukaa nako kutaudhoofisha. Kutembea ni dawa, hata mlimani, polepole. Lita ishirini ndizo sumu.

Mutembei ametoka nje. Namwona dirishani, anapima migomba yangu kwa macho. Kalamu yake iko juu ya meza.

Maziwa yanapanda. Naingia na chai, na haya ndiyo nitakayowaambia, na sitaketi mpaka wajibu:

Daktari Muthamia, usirudi Meru na hatua zangu peke yake. Andika kwenye ripoti, na uitie sahihi, kwamba mgonjwa huyu abaki anakotembea, na kwamba asibebe maji. Yote mawili, mstari mmoja.

Na wewe Koome, mwanangu. Chukua hiyo karatasi ya kukodi uirudishe mfukoni. Shuka mtoni sasa hivi, na kiatu chako hichohicho, uhesabu mita kutoka majini hadi getini, kisha uniletee bomba na pampu kabla mwezi haujaisha. Mlima niachie. Niondolee mtungi.