Wanafunzi Saba na Mgongo Wangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwalimu mkuu kanipigia nikiwa juu ya ngazi nakaza bawaba. Wasichana saba wa darasa la binti yangu, naye akiwemo, wamekwepa mtihani wa hisabati kwa barua za daktari. Zote saba zinasema mgonjwa "asinyanyue milango wala fremu kwa siku tatu." Watoto wa miaka kumi na minne!

Nilicheka hadi bisibisi ikaniponyoka. Halafu kicheko kikanikauka. Barua hiyo naijua. Ni yangu.

Jumanne, 4 Machi

Niseme ukweli, hata kama ni kwa karatasi tu. Mwezi uliopita kulikuwa na mechi mchana. Nikamwambia binti: mwanangu, hebu iambie hiyo akili mnemba ya kwenye simu initungie barua ya daktari. Mgongo. Siku tatu. Dakika haikuisha — barua hii hapa, na muhuri wa hospitali isiyokuwepo duniani! Bosi akanipa pole. Mimi nikamsifu mtoto: wewe ni kichwa!

Sasa kichwa kimefanya kazi. Kabadilisha majina, kaacha milango. Nimemuuliza kwa nini. Eti, "Baba, si ulisema imetoka bomba?"

Mama yake katutazama wote wawili. Kumbe nina watoto wawili humu ndani, akasema.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu mkuu hataki mchezo. Kughushi ni jinai. Kesho kamati ya wazazi ikikaa, faili linakwenda polisi, dawati la watoto. Binti kakataa kunitaja. Anasema ile barua aliibuni mwenyewe. Ananilinda! Mimi, na ndevu zangu hizi!

Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Bosi wangu. Nikisema, kazi kwaheri. Nisiposema, mtoto polisi peke yake.

Chakula hakikupita. (Uongo. Nilikula sahani mbili. Ila bila raha.)

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi. Wametutoa wajadiliane.

Nimesema! Nilisimama, nikasema barua ya kwanza ni yangu, mtoto nilimfundisha mimi, kama ni polisi waanze na mimi. Bosi alikuwa na kikombe cha chai mdomoni. Kikabaki hapohapo. Mwalimu wa nidhamu akauliza, mechi yenyewe mlishinda? Tulifungwa tatu. Mtu mmoja akaguna.

Binti ameniegemea bega. Hajafanya hivyo tangu darasa la pili. Ananinong'oneza: "Baba, umeongea vibaya! Ungeniambia, ningekutungia." Nikamkazia macho. "Natania, jamani!" Tukaangua kicheko. Karani kachungulia dirishani: nyie mnafurahia nini?

Sijui. Nimekuwa mwepesi tu.

Ndani nasikia sauti ya bosi peke yake. Imepanda. Imeshuka. Sasa wanacheka — au wanakohoa? Kitasa kinazunguka. Kimelegea hicho, skrubu moja tu ingeto—